Jelmer Alikwenda Kupimwa Kifua

Dada yangu Froukje anaishi karibu na tuta la bahari, huku kwetu Frisia, kaskazini mwa Uholanzi. Asubuhi hukata mkate na jibini, kisha humhimiza mwanawe Jelmer awahi shule kwa baiskeli. Jelmer ana miaka kumi na sita. Alipozaliwa tulimhesabu kuwa msichana. Alipokuwa na miaka kumi na minne alituambia yeye ni mvulana. Tukazoea, maisha yakaendelea.

Majira ya baridi yaliyopita, Jelmer alianza kuikokota baiskeli badala ya kuiendesha. Akipanda ngazi, alisimama katikati kutafuta pumzi. Nilimwambia aende kwa daktari. Akasema alishakwenda.

"Akakwambiaje?" mama yake aliuliza.

"Aliniuliza habari za kuwa mvulana. Halafu akasema niende kliniki ya mambo ya jinsia, mjini. Foleni yake ni miaka miwili."

"Na kifua?"

"Hakukigusa. Siendi tena, Mama. Bora nikohoe hapahapa."

Nilipandwa na hasira. Mtoto anakosa pumzi leo, anaambiwa asubiri miaka miwili. Froukje alimbembeleza mwanawe mpaka akakubali, tukaenda sote watatu.

Daktari Postma si mtu mbaya. Ametutibu tangu tukiwa wadogo. Lakini alipomwona Jelmer tu, alirudia yaleyale: mambo ya jinsia yana wataalamu wake, naye anaogopa kukosea.

"Mimi sikuyasomea haya," alisema.

"Na mapafu, uliyasomea?" dada yangu aliuliza.

Daktari alizivuta karatasi zake.

"Mwanangu amekuja na kifua," Froukje aliendelea. "Angekuja na mguu uliovunjika, ungempeleka kwenye foleni hiyohiyo?"

Hapo ndipo daktari alipochukua kipimo chake. Alisikiliza kifua kwa muda mrefu. Kilikuwa kinapiga mluzi. Ilikuwa pumu. Miezi miwili mizima ilikuwa pumu, na hakuna aliyesikiliza.

Lakini Jelmer aliumwa na mbavu pia, na hilo daktari hakulielewa. Akamwomba Jelmer ruhusa ampigie simu mwenzake wa mjini, Daktari Sietske, anayewasaidia madaktari kuwahudumia vijana kama yeye. Jina la Jelmer hatalitaja. Jelmer akakubali. Sote tulimsikia huyo daktari mwanamke kwenye simu.

"Kwanza mtibu kama kijana yeyote mwenye pumu," alisema. "Pili, mkiwa wawili tu, muulize kwa upole kama anafunga kifua, na anakifunga kwa nini."

Mimi na dada tukatoka nje. Baadaye Jelmer mwenyewe alitusimulia. Alikuwa akijifunga bendeji ili kifua kionekane bapa. Alilala nayo. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Daktari alimweleza kwamba bendeji hubana pumzi na kuumiza mbavu. Aiache kabisa. Mbavu zikipona, ziko fulana zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Achague ya saizi yake, aivue wakati wa kulala na wa michezo, na akisikia maumivu aivue mara moja. Akampa dawa ya pumu ya kuvuta. Barua ya kliniki ya mjini pia aliiandika, lakini akasema foleni ile haimzuii yeye kumtibu Jelmer.

Mlangoni alimwomba Froukje radhi.

"Mwombe Jelmer," dada yangu alisema. "Aliyeumwa ni yeye."

Akamwomba. Baadaye alimwalika Daktari Sietske awafundishe wafanyakazi wote wa zahanati. Watu walimsifu sana Daktari Postma. Mimi sikumsifu. Kupima kifua cha mgonjwa si fadhila, ni kazi.

Siku hizi Jelmer huendesha baiskeli dhidi ya upepo na kunipita huku akinicheka. Mwezi wa nne aliamka na homa. Froukje akainua simu amwombee nafasi kwa daktari.

"Nimeshapiga," Jelmer akasema, akifunga kamba za viatu. "Nakwenda mwenyewe."