Mchoro wa Daraja na Macho ya Mzee Rula

Saa mbili kamili asubuhi Karani alifungua folda ya michoro kwenye kompyuta ya ofisi, akapiga ukelele. Mchoro wa daraja la watoto wa shule haukuwepo, na mkandarasi angekuja kuuchukua saa nne.

"Umeufuta wewe!" Bosi alifoka mbele ya ofisi nzima. "Mchoro usipoonekana kabla ya saa nne, kusanya vitu vyako uende."

Karani alikuwa na watoto wawili wa kulisha kwa kazi hiyo. Hakulia, ng'o! Alimpigia simu dada yake, fundi wa kompyuta. Saa mbili na nusu Fundi alikuwa amekwisha fika, mkoba begani, hana haraka.

Kwanza hakugusa kitu, alitazama tu.

"Mdogo wangu, vijipicha vya mafaili unaviweka vikubwa hivi?"

"Wapi, dada! Mimi naviweka kwenye orodha, vidogo vidogo, nione vyote kwa mara moja. Leo nimevikuta vikubwa kama sahani. Nikadhani Linux, huu mfumo wa kompyuta yetu, umejibadilisha wenyewe."

"Mashine haina mikono," Fundi alisema.

Pipa la taka la kompyuta, panapokwenda mafaili yaliyofutwa, lilikuwa tupu. Kisha akatazama taarifa za folda: ilibadilishwa mara ya mwisho leo, saa moja na dakika kumi. Mlinzi aliitwa na daftari lake la getini. Karani aliingia saa moja na nusu. Kabla yake waliingia watu wawili tu: mpwa wa Bosi, na mchoraji mkuu, ambaye kila mtu alimwita Mzee Rula kwa jinsi mistari yake ilivyonyooka.

Bosi alimgeukia mpwa wake. Ilijulikana wazi kwamba kijana huyo alikitaka kiti cha Karani kwa ajili ya mchumba wake.

"Mjomba, haki ya Mungu, si mimi!"

"Tutajua," alisema Fundi. Aligeuza kipanya juu chini, palipoandikwa namba ndogo sana. "Nisomee namba hii."

Mpwa aliisoma palepale, amesimama upande wa pili wa meza.

"Nawe, mzee wangu?"

Mzee Rula alikishika kipanya. Akakisogeza mbali, akakisogeza tena, hata mkono ukaisha.

"Mikono yangu siku hizi mifupi," akatania. Hakuna aliyecheka.

"Si mikono, baba, ni macho. Aliyekaa hapa saa moja na dakika kumi hakuweza kusoma majina madogo. Akavikuza vijipicha, akafanya lake, akasahau kuvirudisha. Mwenye macho ya huyu kijana angevikuza kwa nini?"

Fundi alifungua menyu ya mwonekano, akachagua kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Mchoro wa daraja ukatokea, umefifia, na nukta mbele ya jina lake.

"Nukta hiyo tu, na faili linajificha. Ujanja huu niliwafundisha mwenyewe hapahapa mwezi uliopita. Kwa nini, mzee wangu?"

Mzee Rula aliketi.

"Nguzo ya tatu," alisema. "Macho yalinidanganya, nikaandika kina cha mita mbili badala ya tatu. Nimegundua jana usiku kitandani. Daraja lile lingewaangusha watoto. Nilitaka siku moja tu nirekebishe, na nikaona aibu kusema."

"Ukaacha mimi nifukuzwe?" Karani aliuliza kwa hasira.

"Nilikosa, mwanangu. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Mpigie simu mkandarasi umwambie asubiri hadi kesho, na umwambie sababu." Akamgeukia Bosi. "Na wewe Bosi? Ulinitukana mbele ya watu wote."

Bosi alikohoa. Akaomba radhi, taratibu, ofisi nzima ikisikia.

Karani alikaa kwenye kiti chake, akavirudisha vijipicha kwenye orodha, vidogo vidogo.

"Mzee Rula," alisema bila kugeuka, "kesho uje na miwani. Mashine hii naitumia mimi."