Mshale Mdogo Pembeni mwa Picha

Kila siku, wenzake walipokimbilia nyumbani, yeye alibaki nyuma. Alifagia zamu yake, akafunga daftari zake kwa kamba ya kiatu, kisha akashika njia ya stoo iliyo nyuma ya maktaba ya shule. Wenzake walimwita Mawingu, kwa sababu mwalimu akimwuliza swali, ilibidi macho yashuke kwanza kutoka darini ndipo mdomo ujibu. Jina hilo halikumkera. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na alikwisha kujua kwamba huko juu hakuna fujo.

Ndani ya stoo mlikuwa na kompyuta saba kuukuu, kubwa kama masanduku ya safari, zenye rangi ya meno ya mzee. Sita zilitolewa na ofisi zilizonunua mpya, na ya saba ilitoka maktaba ya shule. Fundi wa kompyuta, bwana mrefu ambaye miwani yake ilishikwa kwa waya mwembamba, alikuja kila siku mchana kuwafundisha wanafunzi waliotaka. Wiki ya kwanza walikuja kumi na moja. Wiki ya tatu, vumbi na chafya vilipowachosha wengine, wakabaki wawili: Mawingu na rafiki yake Zumari, msichana ambaye hata akinong'ona, mlinzi wa getini husikia.

Walijifunza kwa mikono. Walipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Vibao vyembamba vya kumbukumbu, vyenye safu ya meno ya kung'aa, walivisugua kwa kifutio cha penseli, maana kompyuta iliyolia mara tatu na kukataa kuwaka, mara nyingi ilitaka kusuguliwa meno tu. Fundi alisema kwamba hata wao wawili asubuhi walikuwa hivyohivyo.

Saa kumi jua liliingia kwa dirisha dogo, likalala juu ya nyaya. Mashine zilivuma polepole kama nyuki waliokwisha kushiba. Hapo Mawingu aliweza kukaa na bisibisi mkononi, akijiona anatembea ndani ya mashine ile, katika mji mdogo wenye barabara za fedha na taa za kijani, asikutane na mtu wa kumwuliza hesabu.

Jioni moja alimtegea kitendawili bibi yake, ambaye ndiye aliyemlea na aliyependa vitendawili kuliko chai.

"Mtumishi wangu anahudumia nyumba sita bila kutoka chumbani mwake."

Bibi alijaribu kisima, akajaribu jiko, akajaribu ng'ombe wa maziwa, hata akachoka na kumpa mji. Mawingu aliutawala mji huo muda mfupi, akala matunda yake yote, kisha akatoa jibu: seva. Alieleza kwamba seva ni kompyuta ambayo hakuna mtu anayekaa mbele yake. Inakaa peke yake chumbani na kutunza vitabu, na kompyuta nyingine zikihitaji kitabu huiomba kwa waya, nayo ikazipa.

Bibi akafikiri. "Basi seva ni mimi," akasema. "Nipo chumbani, na nyumba nzima inaniuliza chumvi iko wapi."

Kompyuta iliyochaguliwa kuwa seva ilikuwa ya Mama Maktaba, mkutubi wa shule. Ndiyo iliyokuwa na diski kubwa kuliko zote. Mama Maktaba alikuwa nyumbani mwezi wa pili sasa, akitibiwa macho. Kwa miaka kumi na moja, kila Ijumaa, aliwaita wazazi na wazee wa wanafunzi, akawasikiliza wakisimulia, kisha akazipiga chapa hadithi zao kwenye kompyuta hiyo. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Baadhi ya wasimulizi walikwisha kufariki, na mmoja wao alikuwa babu yake Mawingu. Mama Maktaba mwenyewe hakuweza tena kusoma herufi ndogo. Ijumaa ya wiki hiyo angeletwa shuleni aone hadithi zake zikitokea kwenye kompyuta zote kwa herufi kubwa kama vidole. Hilo lilikuwa ombi lake la pekee.

Fundi alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha kamwe. Kila mashine aliibandikia karatasi yenye maneno matatu, na mbele ya kila neno pengo la kutia alama: Imenakiliwa. Imefunguliwa. Imefutwa. Maana yake, kwanza unanakili vilivyomo na kuviweka kwenye diski ya pembeni, ile ndogo inayochomekwa kwa waya. Pili, unaifungua nakala hiyo kwa macho yako uone kama kweli ipo. Tatu, ndipo unafuta mashine na kuiwekea mfumo mpya.

Siku ya Jumanne Fundi aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu kuangalia mashine ya kuchapia. Kabla ya kutoka alimwambia Mawingu aanze kuitayarisha kompyuta ya Mama Maktaba, akamwonyesha karatasi kwa kidole.

Mawingu akawasha. Kwenye kioo palikuwa na picha ndogo ya jalada, chini yake pameandikwa Hadithi. Akaivuta mpaka kwenye diski ya pembeni. Kufumba na kufumbua, ikawa imekwisha. Miaka kumi na moja kwa kupepesa jicho moja. Alishangaa na kufurahi, akaona kompyuta ile ni mzee mwenye mbio. Akatia alama kwenye neno la kwanza.

Neno la pili lilitaka kuhamisha diski kwenye mashine nyingine, na mashine nyingine ilitaka dakika sita kuwaka. Jua lilikuwa limekwisha kufika ukingo wa meza. Akilini mwake seva ilikuwa tayari, taa zake zinapepesa, na Mama Maktaba anatabasamu. Alama ile ya pili ni mstari mdogo wa kalamu tu. Mawingu akautia. Kisha akafuta.

Jumatano seva iliamka. Walipounganisha nyaya kwenye kisanduku cha katikati, kinachokutanisha kompyuta zote, taa saba zikawaka moja baada ya moja, na kwenye kompyuta ya mwisho kabisa, karibu na mlango, likatokea neno alilokuwa ameliandika Mawingu kwenye ile ya kwanza: Karibuni. Zumari akapiga ukelele mpaka mpishi wa shule akaja kuangalia nani ameungua. Fundi akawaambia waanze kuingiza vitabu vya masomo, naye Mawingu alete hadithi.

Akachomeka diski ya pembeni na kuibonyeza ile picha ya jalada. Haikufunguka. Yakatokea maneno kwamba kinachotafutwa hakipo. Akabonyeza tena. Akautazama ukubwa wake: ulikuwa mdogo kuliko barua fupi. Pembeni mwa picha, chini kushoto, palikuwa na mshale mdogo ambao jana hakuujali.

Aliichomoa diski akaitia mfukoni. Fundi alipouliza, alijibu kwamba kesho atazipanga vizuri, na sauti yake ikamtoka kama ya mtu mwingine. Zumari aliendelea kuingiza vitabu akiimba.

Jioni hiyo Bibi alimwona anavyochezea chakula. Alipangusa mikono yake kwenye kanga, akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nikimficha ananenepa, nikimtoa anakonda."

Mawingu akasema hajui, akampa mji. Bibi akasema mji hautaki leo, anao mingi na yote ina deni la maji. Atasubiri jibu.

Alhamisi Zumari alitangulia, na Mawingu alipofika stoo, tayari vitabu ishirini vya hesabu na sayansi vilikuwa vimeingia. Zumari hupenda kuuliza, na siku hiyo alimwuliza Fundi hivi: kitu kikifutwa kwenye kompyuta, huenda wapi?

Fundi akaacha kukata waya. Akasema hakiendi popote. Kufuta si kuchoma. Ni kama mji ambao mtu amepita usiku akang'oa namba zote za milango. Nyumba zipo, watu wamo, ila tarishi hajui pa kupeleka barua. Na kwa kuwa hakuna namba, mashine hudhani uwanja ni mtupu. "Ukileta kitu kipya," akasema, "itajenga juu ya nyumba ya zamani. Hapo ndipo inapopotea kweli."

Mawingu aliuona mji ule. Aliziona barabara za fedha alizozizoea, na katika nyumba zisizo na namba wamekaa wazee, babu yake mmoja wao, wanasimulia. Juu ya mapaa yao Zumari anashusha vitabu vya hesabu, kimoja kimoja, akiimba.

"Zumari, acha," akasema.

Zumari akageuka, kidole kikiwa hewani. Mawingu alimtazama Fundi, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakupitia darini.

"Fundi, sikuifungua nakala. Nilitia alama tu. Nakala haina kitu, na hadithi nimezifuta. Nimejua tangu jana."

Fundi, yeye aliyewafundisha kila siku kwamba kompyuta haizimwi kwa kuchomoa waya, aliinama chini ya meza akauchomoa waya wa seva ukutani. Mvumo ukakatika. Stoo ikawa kimya hivi kwamba walisikia mtu akichota maji uani.

Kisha akaomba ile diski ya pembeni, akaitazama, akawaonyesha mshale. Picha ile, alisema, haikuwa jalada. Ilikuwa kibao cha njiani, cha kumwonyesha mtu jalada liliko. "Umeng'oa kibao ukakibeba, nyumba ukaiacha. Kosa hilo hata mimi nililifanya nilipokuwa najifunza. Ndiyo maana kuna alama ya pili." Hakupandisha sauti. Alisema kosa la kibao ni la mikono, na mikono hufundishika; alama ya uongo ni jambo lingine, wataliongea baadaye. Sasa wana kazi.

Waliitoa diski ya seva, wakaifunga kwenye mashine nyingine, wakaipa programu ya kutafuta nyumba zisizo na namba. Kazi ile ilikwenda Alhamisi iliyobaki mpaka Ijumaa asubuhi. Hadithi zilirudi moja moja, zimechoka, hazina majina, zina tarakimu tu. Mawingu alisoma mwanzo wa kila moja na kuzipa majina upya: ya sungura aliyekopa masikio, ya mwanamke aliyeolewa na mto, ya kinyozi wa simba. Zumari alimsaidia bila kumlaumu, ila mara moja moja alisema kwamba yeye ndiye mjenzi haramu, na kwamba vitabu vya hesabu havijawahi kumletea mtu heri.

Hesabu ilisimama kwenye mia mbili na tano. Tisa hazikurudi, zilikuwa chini ya vitabu vya jana na juzi. Mawingu alitafuta ya babu yake mara tatu. Ilikuwa katika zile tisa.

Mama Maktaba aliletwa saa tisa, miwani myeusi usoni, ameshikwa mkono na mwanawe. Fundi alikwisha kusema wazi kwamba hatamsemea mtu. Mawingu akamsogelea, akamwamkia, akaeleza yote tangu alama ya pili mpaka tisa zilizopotea. Alisema pia kwamba kama angesema Jumatano, huenda zingepotea chache.

Vidole vya Mama Maktaba vilihesabu kitu pajani.

"Zipi tisa?" akauliza.

Mawingu akazitaja kwa majina ya wasimulizi, kutoka kwenye orodha ya karatasi iliyokuwa maktaba. Jina la babu yake alilitaja la mwisho.

"Sita kati ya hao wapo hai," Mama Maktaba akasema. "Utakwenda kwao na daftari, kila Jumamosi. Hao watatu waliokwenda, tutawatafuta waliowasikia. Mimi macho yamechoka, masikio bado." Halafu akamshika bega. "Mwanangu, mkono wowote hukosea. Lakini ulipotia alama ile, uliifanya karatasi iseme uongo badala yako, na karatasi haioni haya, haitakuja kukiri. Aliyekuja kukiri ni wewe. Mia mbili na tano zimerudi kwa sababu hiyo, na tisa zimekwenda kwa sababu ya siku moja uliyonyamaza. Ukumbuke zote mbili."

Seva ilikuwa imewashwa upya, safari hii baada ya alama tatu za kweli. Walimkalisha mbele ya kompyuta ya karibu na mlango. Alivua miwani myeusi, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Herufi zilikuwa kubwa kama vidole. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, polepole, na kwenye kompyuta nyingine tano wanafunzi waliokusanyika wakasoma naye.

Jumamosi ya kwanza Mawingu hakwenda mbali. Alikaa jikoni kwa Bibi na daftari lake. Bibi aliikumbuka hadithi ya babu, ila alisema marehemu aliisimulia vibaya, alikuwa na haraka ya kufika mwisho, kama mtu fulani anayemjua. Akaisimulia kwa utulivu, chungu kikichemka. Mawingu aliandika mpaka mkono ukauma.

Alipofunga daftari, alisema, "Bibi, lile jibu ninalo. Nikimficha ananenepa, nikimtoa anakonda. Ni kosa."

Bibi akakoroga chungu. "Umepata. Na sasa amekonda?"

"Amekonda."

"Basi mwache aende zake. Hebu nisomee ulichoandika, tuone kama kweli kipo."

Mawingu akalifungua daftari, akasoma yote, neno kwa neno. Ndipo akatia alama.