Maneno Aliyoyapokea Mpiga Chapa

Siku ile Mzee Miwani hakukohoa. Mtu wa kukohoa kila baada ya maneno matatu, miaka sita mfululizo, leo kifua kimya! Mpiga chapa alishukuru, akaendelea na kazi.

Walikuwa wakitengeneza orodha ya maneno ya Kiingereza yenye tahajia za kale, ambazo siku hizi hakuna anayeziandika. Mzee, nyuma ya kabati la vitabu, alitaja herufi mojamoja, kisha maana. Mpiga chapa aliandika, akajibu, "Nimepokea," ndipo lije jingine.

"S, m, o, a, k. Moshi."

"Nimepokea."

"B, l, o, u, d. Damu."

"Nimepokea."

Sauti ikakawia, ikashuka. "C, h, y, l, d, e. Mtoto."

Moyo ulimchoma mpiga chapa. Miaka tisa ya ndoa bila mtoto, na mawifi wamechoka hata kumsema.

"Nimepokea," akajibu, tena kwa hamu.

Simu ikaita. Alikuwa Mzee Miwani, anakohoa mpaka pumzi inakatika. "Mwanangu, niwie radhi. Tangu jana sijainuka kitandani. Leo usinisubiri."

Mpiga chapa akasimama, akalizunguka kabati huku akijiambia ni uchovu tu, ni uchovu, na kule nyuma hakukuta mtu, ila kiti chenye joto na kitabu kilichokuwa kikijifunua chenyewe, ukurasa kwa ukurasa, wala upepo haupo.

Jioni nyumba yake ilijaa moshi, na jiko halijawashwa. Wiki iliyofuata bomba likatoa damu. Miezi miwili baadaye daktari akampa mkono wa pongezi: ana mimba.

Mumewe, aliyechoshwa na moshi na damu, alileta mganga.

"Umeyapokea maneno yake kwa kinywa chako," mganga alinong'ona. "Yarudishe kwa kinywa hicho hicho. Yakiisha yote, huyo aliyekutajia ataondoka."

"Moshi, nakurudishia." Harufu ikakatika.

"Damu, nakurudishia." Bomba likatoa maji safi.

Ukutani kitu kikavuta pumzi, kikatulia kusikiliza.

"Bado moja, mama," mganga akasema.

"Lipi hilo?" mume akauliza. "Mke wangu, nakuomba, litamke tupumzike!"

Mke akafumba mdomo, akalikumbatia tumbo kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka.

Mganga akalitazama lile tumbo. Taratibu akafunga mkoba wake.

"Haya," akasema, akiufuata mlango. "Mtamlea mkiwa watatu."