Majoho ya Saizi ya Kati

Chuo kikuu cha mkoa kilipofunguliwa katika majengo ya kiwanda cha zamani, mji mzima ulichangamka. Hakuna tena kupeleka watoto mbali! Mama mmoja, fundi cherehani, alipewa kazi ya kushona majoho ya wahadhiri. Majoho kumi na mawili.

Waliokuja kupimwa walikuwa wanne tu.

"Na hawa wanane?" aliuliza.

"Shona saizi ya kati, fundi," alijibu karani wa chuo. "Watakuja."

Siku ya ukaguzi, majoho manane yalivaliwa na wageni walioletwa kwa basi. Jioni yalirudishwa kwake ayatunze. Mama aliyakunja, akayatia sandukuni, akanyamaza. Bintiye alikuwa ameshapata nafasi pale, asomee kazi ya maabara ya hospitali. Tena chuo kilikuwa kinampa kazi. Nani amwage unga wake mwenyewe?

Miaka miwili ikapita. Siku moja binti alirudi mchana, macho mekundu.

"Mama, hospitali imenikatalia mafunzo ya vitendo. Wanasema kozi yetu haina ithibati."

"Haina nini?"

Jirani yao, bibi aliyestaafu masjala ya wizara ya elimu, alikuwa dukani kwa mama akingoja gauni lake. Alivua miwani.

"Chuo kusajiliwa ni jambo moja," alisema. "Kila kozi nayo lazima iwe na kibali chake. Hicho ndicho ithibati. Hakitolewi bila wahadhiri wa kudumu na vifaa. Orodha ya kozi zenye kibali iko wazi ofisi ya tume ya vyuo vikuu. Mzazi yeyote anaweza kuuliza, kabla mtoto hajajiandikisha. Mjukuu wangu, anayewafundisha maabara ni nani?"

"Mwalimu mmoja, bibi. Huyohuyo anatufundisha hesabu na sheria."

Mama aliinuka, akafungua sanduku. Akayatoa majoho manane, bado na mikunjo ileile.

"Nilijua," alisema. "Nilijua, mwanangu, nikafunga mdomo."

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Miaka yote miwili, mama?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema bibi, bila huruma. "Yabebe hayo majoho. Twende tume."

Walikwenda wote watatu. Kozi ilisimamishwa. Binti alipokelewa chuo cha mbali, mwaka wa kwanza, kana kwamba hajawahi kushika kitabu. Siku ya kuondoka alimuaga bibi kwa kumkumbatia. Kwa mama alinyoosha mkono tu.

Mwaka uliofuata, karani alirudi dukani.

"Fundi, wakaguzi wanakuja. Tushonee majoho sita. Saizi ya kati."

"Saizi hiyo nimeiacha," alijibu mama. "Niletee wenye mabega."

Karani alinuna, lakini angefanya nini? Tume ilikuwa imeshashtuka, na wazazi walikuwa wakifika chuoni na orodha mkononi. Baada ya miezi mitatu, wahadhiri sita walioajiriwa kweli walipanga foleni dukani. Mmoja mfupi, mmoja mnene aliyecheka kila alipoguswa kiunoni. Kozi ikapata ithibati. Watoto wa wazazi wengine sasa wanafanya mafunzo hospitali ileile.

Mhadhiri wa mwisho alimuuliza mama, "Nawe fundi, una mtoto hapa chuoni?"

"Nilikuwa naye," alisema, akimpitishia utepe mabegani. "Inua mkono."