Pengo Katika Wimbo wa Ngina

Wazazi wenzangu, na ninyi walimu, nisikilizeni. Jambo hili lilitokea hapa kwetu Waithaka, na nyumba yenyewe mnaipita mkienda kanisani.

Nyumba ya Mwalimu Joash Ochola ilikuwa na amani. Jumamosi asubuhi mkewe Millicent alianika nguo, binti yao mdogo Jacklyne akicheza mlangoni, naye mwalimu akipiga kinanda sebuleni. Kwenye shule yetu ya sekondari alifundisha vijana kutunga nyimbo zao wenyewe. "Msiniletee wimbo wa redio," aliwaambia. "Nileteeni ule unaowasumbua." Walimpenda kwa hilo.

Katika darasa lake alikuwamo Ngina, msichana mpole aliyelelewa na shosho, nyanya yake, tangu mama yake afariki hospitalini kule Upper Hill. Siku moja alisimama akaimba wimbo alioutunga. Sauti iliuliza, ikanyamaza kitambo, kisha ikauliza tena.

"Mbona umeacha pengo hapo katikati?" mwalimu akamuuliza.

"Hapo ni pa mama," Ngina akasema. "Mimi nauliza, yeye anajibu."

Hakuna aliyecheka.

Sasa, Mwalimu Joash alikuwa ametamani miaka mingi kutunga wimbo wa kushinda tamasha la muziki, na hakuwahi kuupata. Huu aliusikia mara moja tu akajua. Akauandika kwa noti, akalijaza lile pengo kwa sauti tamu za kwaya, akaweka jina lake. Ngina alipomuuliza, alijibiwa, "Wimbo wa darasani ni wa shule. Na ni mimi nilikufundisha."

Tangu siku hiyo Ngina hakuimba. Baadaye akaacha hata kuzungumza, shosho yake akawa anaishi na mtoto bubu.

Mazoezi yakaanza. Kwaya ya shule iliimba vizuri hadi kwenye pengo, kisha wote wakanyamaza kwa pamoja. Wakarudia, ikawa vile vile.

"Kwa nini mnaacha?" mwalimu akauliza.

Kijana mmoja, Maina, akatazama chini. "Mwalimu, kuna mtu anaongea hapo. Hatuwezi kumkatiza."

Mwalimu akadhani ni njama ya rafiki zake Ngina. Lakini shule moja ya kibinafsi kule Lavington ilikuwa imemwalika afundishe wimbo huo, akaenda. Watoto wa huko hawakumjua Ngina wala Waithaka. Walipofika mahali pale, nao wakanyamaza, vichwa vimeinama upande, kama watu wanaosikiliza nyuma ya mlango.

Ndugu zangu, angekomea hapo. Hakukoma.

Alasiri moja Millicent alimkuta Jacklyne kibarazani akiuimba wimbo ule taratibu. Mtoto akafika katikati, akatulia.

"Unangoja nini, Jackie?"

"Ajibu."

"Nani?"

"Mama ya huyo msichana. Anasema baba amemziba mdomo."

Hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto habari za Ngina. Kuanzia hapo Jacklyne akawa anakaa tu, hali chakula, haitiki akiitwa. Walimpeleka hospitalini. Daktari akapima masikio, akayaona mazima. "Anasikia vizuri," akawaambia. "Ila ni kama anamsikiliza mtu mwingine."

Wakiwa bado kwenye benchi la hospitali, Millicent akamgeukia mumewe. "Baba Jackie, huo wimbo ni wako?"

Akaanza kuikunja karatasi ya daktari.

"Nimekuuliza."

"Si wangu," akasema, na machozi yakamtoka.

Kesho yake walikwenda kwa shosho yake Ngina. Mwalimu akakiri mbele yake yote aliyoyatenda, bila kujitetea. Ngina alikuwa anachambua mboga. Akasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya muda mrefu, "Toa vitu vyako hapo pa mama."

Akavitoa. Siku ya tamasha, katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba wimbo umetungwa na Ngina, na kwamba yeye aliuiba. Kwaya ikaimba. Ikafika kwenye pengo, ukumbi mzima ukawa kimya. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma. Siwezi kuapa kwamba nilisikia kitu. Ila baridi ilinipita shingoni, na mzee wa kando yangu akavua kofia. Ngina, aliyeketi safu ya mbele ya watazamaji, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali alichoambiwa.

Saa hiyo hiyo, nyumbani, Jacklyne alimwomba mama yake chai.

Mwalimu aliondolewa kwenye kwaya, na Lavington hawakumwita tena. Ngina anazungumza siku hizi, anacheka pia. Ila hatungi. Nilimuuliza sababu.

"Zilikuwako nyimbo nyingine nyingi," akaniambia. "Zilikuja wakati ule nimenyamaza. Zikanikuta nimefunga mlango, zikaenda."

Funzo

Alichotunga mtoto ni chake, hata kama wewe ndiye uliyemfundisha. Mwalimu, mzazi, usilifute jina lake ukaweka lako, na usijaze pale alipoacha wazi kwa sababu yake mwenyewe. Joash alitubu, na wimbo mmoja ukarudi kwa mwenyewe. Zile nyingine hakuna atakayezisikia.