Kwa Nini Treni Haianguki Kwenye Kona

Meza yetu ya kulia ilikuwa imekaliwa na treni. Sisi wenyewe tulikula sahani zikiwa magotini. Mume wangu ni seremala, mimi ni fundi cherehani, na sebule yetu si kubwa. Upande huu cherehani yangu, upande ule treni yake. Mgeni akija, anakaa katikati kama abiria.

Sikulalamika. Haya, nililalamika, lakini kwa mdomo tu. Moyoni niliishukuru sana ile treni. Miezi saba kabla, msumeno wa mashine ulimkata mume wangu vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kidonda kilipona, yeye hakupona. Alifunga karakana yake. Akawa analala mchana kutwa akitazama ukuta. Ukimsemesha, anaguna tu. Na huyu ni mtu aliyekuwa akinichekesha mpaka nashona mkono wa gauni mahali pa shingo. Niliogopa. Nilijua kuwa mtu anaweza kuwa hai na bado ukampoteza.

Kisha siku moja alirudi na kichwa cha treni, kile kidogo cha kuchezea, alichokikuta kwa muuza mitumba. Kilikwenda kwa betri. Alinyoosha waya mnene akatengeneza reli, akazipigilia juu ya ubao. Njia yake ilikuwa duara lililorefuka kidogo, lenye kona mbili. Halafu akaanza kuchonga mabehewa matatu kwa kisu na tupa. Akaanza kuongea. Akaanza kuomba chakula kabla sijapakua.

Mkutubi wa maktaba ya mtaani, ambaye namshonea nguo, aliiona treni ile akaipenda. Alisema ataiweka kwenye chumba cha watoto Jumamosi, wajifunze jinsi treni inavyofanya kazi. Sharti lilikuwa moja: izunguke bila kuanguka.

Hapo ndipo penye shughuli. Treni ilianguka kila ilipofika kwenye kona. Kichwa kinapita vizuri, behewa la kwanza linayumba, la pili linatoka, la tatu linalala chali. Mume wangu aliilaumu reli. Akailaumu gundi. Akailaumu meza. Mwisho akailaumu cherehani yangu, eti inatikisa nyumba. Nikaacha kushona siku nzima, na treni ikaanguka vilevile.

Jumatano aliniambia nimtumie mkutubi ujumbe, kwamba basi. Akaingia chumbani, akageukia ukuta. Nikauona tena ule mgongo wa miezi saba. Sikutuma ujumbe. Nilivaa kandambili nikaenda kumwita Mama Reli.

Mama Reli anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Ni mstaafu. Kwa miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Alitembea kwa miguu, maili kwa maili, akiangalia kama reli zimelegea, kama mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yameoza, kama kokoto zimehama. Hata leo anatembea akitazama chini. Mtaa mzima tulikuwa tunamcheka, na mimi nikiwa mstari wa mbele. Leo naomba radhi.

Alifika, akawasha treni, akaitazama ikianguka mara tatu. Kisha akapaza sauti kuelekea chumbani.

"Fundi, njoo huku. Mimi siwezi kuzungumza na blanketi."

Mume wangu akatoka, uso umekunjamana. Mama Reli akamuuliza ni kipi kisichoanguka. Akajibu kwamba kichwa hakianguki. Akamuuliza magurudumu ya kichwa yalitengenezwa na nani. Kiwandani, akasema. Na ya mabehewa? Akasema aliyachonga mwenyewe, na yamenyooka kabisa, hakuna hata moja lenye mshazari. Alilisema hilo kwa majivuno, maana useremala wake wote ni wa kunyoosha.

Mama Reli akampa kioo cha kukuzia, kile ninachotumia kutungia sindano. Akamwambia aangalie gurudumu la kichwa. Aliangalia muda mrefu. Gurudumu la kiwandani halikuwa bapa. Upande wa ndani, karibu na ule ukingo unaoshuka pembeni ya reli, lilikuwa nene. Kuelekea nje lilipungua kidogo kidogo. Tena magurudumu mawili yalikuwa yamekazwa kwenye chuma kimoja, yaani ekseli, yakizunguka pamoja. Ya mume wangu yalikuwa kama ya mkokoteni: bapa, na kila moja likizunguka kivyake.

"Mimi nilidhani treni inashikwa na ukingo," mume wangu akasema.

"Wengi wanadhani hivyo. Ukingo ni mlinzi tu. Kazi inafanywa na ule mshazari."

Kisha akaniomba rula zangu mbili ndefu za kushonea na vikombe vinne vya plastiki. Alizilaza rula sambamba, zikishuka kutoka kwenye vitabu hadi mezani. Zikawa reli. Akachukua vikombe viwili, akaviunganisha matako kwa matako kwa utepe wa gundi. Vikawa vyembamba katikati, vinene pembeni. Akaviachia. Havikufika hata nusu ya njia, vikaanguka. Akaunganisha vingine viwili, mdomo kwa mdomo. Hivi vilikuwa vinene katikati. Akaviweka makusudi upande mmoja, vimepinda. Viliyumba kulia, vikayumba kushoto, vikajirudisha katikati vyenyewe, vikashuka mpaka chini.

Nilirudia mimi mwenyewe mara tano. Nilivisukuma, nilivipindisha, nilivifanyia kila hila. Vinarudi. Nikabaki mdomo wazi. Hakuna usukani, hakuna dereva wa kukata kona, umbo tu.

Mama Reli akaeleza polepole. Treni ikiingia kwenye kona ya kushoto, inasogea kidogo kulia. Gurudumu la kulia linakanyaga reli kwa sehemu yake nene. La kushoto linakanyaga kwa sehemu yake nyembamba. Yote mawili yamefungwa kwenye ekseli moja, kwa hiyo yanazunguka sawasawa. Lakini lile nene likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko lile jembamba. Upande wa kulia unatangulia, na treni inageuka kushoto yenyewe. Ndiyo maana lazima pia kuwe na nafasi ndogo kati ya ukingo na reli. Ukibana sana, gurudumu halina pa kusogea. Na ile kelele kali ya chuma tunayoisikia treni ikipita kwenye kona kali, mara nyingi ni magurudumu yakisuguana na reli.

Alipokuwa anakunywa chai aliongeza jambo lililonifaa mimi. Gurudumu la chuma linagusa reli kwa eneo dogo, kama sarafu tu. Kwa hiyo treni inateleza kirahisi na kuvuta mzigo mkubwa sana. Lakini kwa sababu hiyohiyo haisimami haraka. Treni nzito yenye kasi inaweza kwenda kilomita nzima baada ya dereva kufunga breki. Mimi nilikuwa na tabia ya kukatiza relini na furushi langu la vitambaa, eti dereva ataniona. Ataniona kweli, ila hatakuwa na la kufanya. Tangu siku ile napita kwenye kivuko.

Sasa ilibaki kazi. Magurudumu kumi na mawili ya mshazari, yote ya kipimo kimoja. Kisu hakiwezi. Yalihitaji mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti huku ukichongwa, na mashine ilikuwa karakanani. Mume wangu aliutazama mkono wake. Nilitaka kusema achana nayo, tutatafuta fundi mwingine. Mama Reli akanifinya paja chini ya meza, na ana vidole vya chuma yule mama. Nikanyamaza.

Mume wangu akainuka, akasema, "Twende wote. Ukae mlangoni tu."

Nilikaa mlangoni. Alivaa miwani ya kazi, akakunja mikono ya shati, akakagua mashine kila mahali. Ilipoanza kunguruma nilishika fremu ya mlango mpaka kucha zikauma. Gurudumu la kwanza liliharibika. La pili pia. La tatu akaliweka kwenye kiganja, akalipuliza vumbi, akaanza kupiga mluzi. Nililia kwa furaha, nikasingizia vumbi la mbao.

Alhamisi, magurudumu yakiwa yamekazwa mawili mawili kwenye ekseli, treni ilizunguka. Mama Reli alihesabu mizunguko, akafika arobaini, akachoka, treni haikuchoka.

Jumamosi chumba cha watoto kilijaa. Tuliweka na rula na vikombe pembeni, kila mtoto ajaribu mwenyewe. Mkutubi alishindwa kuwatoa saa ya kufunga. Binti mmoja mdogo alilala kifudifudi, jicho usawa wa reli, akiangalia magurudumu yanavyohama kwenye kona. Kisha akainuka akamuuliza mume wangu ni mashine gani iliyatengeneza vizuri hivyo.

Mbele za watu huwa anauficha mkono ule mfukoni. Siku hiyo aliutoa. Akainyoosha mikono yote miwili mbele ya yule mtoto, vidole vyote vinane vikiwa wazi.

"Mashine ilisaidia," akasema. "Lakini ni hii hapa iliyoyatengeneza."

Mtoto alivitazama vidole, akaitazama treni, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kama mtu mzima. Jumatatu saa mbili asubuhi, karakana ilifunguliwa.