Picha Saba za Paka Mmoja

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, Kidoti alivuta kigoda karibu na cherehani ya mama yake, akachora. Picha moja tu kwa siku, na tarehe pembeni. Huko mbali, katika shule ya bweni ambako simu haziruhusiwi, rafiki yake Njiti naye alichora yake. Kila Jumamosi kila mmoja alimpelekea mwenzake bahasha yenye picha saba. Sharti lao lilikuwa moja: uchore ulichokiona leo kwa macho yako, si cha jana wala cha kubuni.

Njiti alichora vitanda vya bwenini na mpishi akikoroga sufuria. Kidoti alichora paka. Paka huyo wa kijivu alikuwa wa Njiti, naye siku ya kuondoka alimkabidhi mwenzake huku machozi yanamtiririka.

"Ana mimba," alimwambia. "Mchore kila siku ili nami nimwone. Nakuachia wewe."

Kidoti akaapa kwamba hataacha hata siku moja.

Wiki mbili za mwanzo mambo yalikwenda sawasawa. Ya tatu, uvivu ukabisha hodi. Jumamosi alichoka. Jumapili kulikuwa na mchezo wa kuruka kamba. Jumatatu akasema atachora zote kesho, na kesho yake akasema vivyo hivyo. Chakula cha paka alikiweka kila asubuhi, lakini mbiombio, bila hata kumtupia jicho. Ijumaa jioni hakuwa na picha hata ya dawa! Basi akakaa, akachora paka saba kwa mkupuo mmoja: amelala, ameketi, anajilamba. Akaandika tarehe saba tofauti, akalamba bahasha. Picha zilikuwa nzuri, tena alijisifu kimoyomoyo.

Alhamisi iliyofuata, akiwa hajachora hata moja ya wiki hiyo, alitoka shule akakuta jibu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Ndani hamkuwa na picha, ila barua fupi.

"Kidoti, kwenye picha zote saba tumbo la paka ni lile lile. Kwa hesabu yangu alipaswa kuzaa Jumatano ile. Kwa nini hajazaa? Anaumwa? Mimi hata kula siwezi. Nijibu haraka, nakuomba."

Kidoti aliisoma barua mara mbili. Mara ya mwisho kumtazama paka vizuri ilikuwa lini? Hakukumbuka.

"Mama, paka yuko wapi?"

Mama yake aliinua macho kutoka kwenye pindo la gauni. "Makubwa! Wewe ndiye unayemchora kila siku, halafu unaniuliza mimi?"

Walimkuta mlangoni pa stoo, analia na kukwaruza mbao. Tumbo lilikuwa bapa. Kidoti alipofungua, paka aliingia mbio, akazunguka sakafu tupu, akatoka akilia zaidi.

"Mama, magunia ya vipande vya vitambaa yako wapi?"

"Fundi magodoro ameyachukua muda mfupi uliopita. Nimeyafunga mwenyewe." Mama akashika kinywa. "Mungu wangu! Gunia la pembeni lilikuwa wazi wiki nzima. Kimbia, mwanangu!"

Kidoti alitoka mkuku, kandambili moja ikabaki njiani. Fundi magodoro hupiga vipande kwa fimbo ndefu ili vilainike kabla ya kuvijaza kwenye godoro. Kidoti alipofika kibandani kwake, gunia la kwanza lilikuwa limeshapigwa, la pili limemwagwa chini, na fimbo iko juu.

"Mjomba, usipige!"

"Kulikoni, binti?"

Kidoti alipiga magoti, akafukua kwa mikono miwili. Katikati ya mabaki ya sare za shule walikuwemo paka wachanga wanne, macho bado yamefumba, wote wazima. Fundi aliitazama fimbo yake, akaiweka chini taratibu.

"Ningeshona godoro linalolia nyau," alisema, lakini hakucheka.

Nyumbani, paka alipokwisha kuwalamba wanawe wote, Kidoti alimsomea mama barua ya Njiti, akakiri kuwa picha saba alizichora jioni moja, kisha akachukua karatasi.

"Nitamwambia Njiti wamezaliwa leo. Atafurahi, na hakuna atakayejua."

Mama alisimamisha cherehani. "Watoto hawa wamepona kwa sababu Njiti alizitazama picha zako vizuri kuliko wewe ulivyomtazama paka. Unataka kumdanganya tena?"

"Atanichukia, mama!" Kidoti akaangua kilio.

"Huenda. Mwandikie ukweli vivyo hivyo."

Akaandika yote: picha saba za jioni moja, gunia, fimbo. Jibu lilipochelewa, alikosa raha. Lilifika baada ya siku kumi.

"Nilikasirika siku tatu. Nilitaka kuzichana picha zako zote. Sasa nimeacha. Lakini kuanzia leo, siku usipochora, nitumie karatasi tupu yenye tarehe. Hiyo nitaiamini."

Jumamosi iliyofuata mama alimkuta anapanga karatasi saba. Moja haikuwa na kitu ila tarehe ya Jumanne.

"Na hii?"

"Jumanne nilisinzia, mama. Sikuchora," Kidoti alijibu kwa aibu.

"Haya, itie," mama alisema. "Mwenzako akiyategemea macho yako, mwambie ulichokiona. Kama hukutazama, mwambie hukutazama, ili atafute msaada mwingine mapema. Na kazi ya kila siku, mwanangu, ifanye kila siku."

Kidoti akaitia karatasi ile tupu juu ya nyingine zote, akaifunga bahasha.